Amri ya sed inafanya kazi kwenye Linux lakini inakataliwa kwenye macOS

mjenzi_skripti:
Habari, wanajukwaa. Nina skripti fupi inayobadilisha neno katika faili la mipangilio kwa amri `sed -i 's/jaribio/halisi/' orodha.conf`. Kwenye seva ya Linux inamaliza kazi vizuri, ila nikiiendesha kwenye macOS napata ujumbe huu: `sed: 1: "orodha.conf": invalid command code o`. Faili lipo, na ruhusa ya kuliandika ninayo. Je, kasoro iko katika skripti au katika programu yenyewe? Ningependa iendeshwe kwenye mifumo yote miwili bila kubadilishwa.

mtunza_seva:
Ndugu, hakuna kilichoharibika. Hizo ni programu mbili zinazotumia jina moja: Linux nyingi huja na sed ya mradi wa GNU, ilhali macOS ina ile ya ukoo wa BSD. Kiwango cha POSIX (kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix) hakitaji kabisa chaguo la `-i`, linaloagiza faili lenyewe libadilishwe, hivyo kila upande uliliunda kwa namna yake. Kwa GNU, herufi za kuongezwa kwenye jina la nakala ya akiba ni za hiari, na zikiwepo lazima zishikane na `-i`. Kwa BSD ni lazima uzitoe, hata kama ni tupu. Kwa hiyo sed ya macOS imelichukua `'s/jaribio/halisi/'` kuwa ndizo herufi hizo, kisha ikalisoma jina la faili kana kwamba ni maagizo ya kuhariri. Na kwa kuwa hakuna agizo linaloanza kwa o, ikalalamikia o.

Andika `sed -i.bak 's/jaribio/halisi/' orodha.conf`, kisha ufute faili la .bak. Umbo hilo hukubalika pande zote mbili. Usiandike `-i ''`, ingawa wengi huipendekeza, kwa sababu sed ya GNU itaanza kutafuta faili lenye jina `s/jaribio/halisi/`.

msomaji_makini:
Naongeza kwamba sed si peke yake. Tarehe ya jana hupatikana kwa `date -d yesterday` kwenye GNU, lakini kwa `date -v-1d` kwenye macOS. Kwenye Windows, `find` hutafuta maneno ndani ya mafaili badala ya kutafuta mafaili yenyewe, na katika PowerShell 5.1 `curl` ni jina la badala la Invoke-WebRequest, hivyo anayetaka curl halisi aandike `curl.exe`.

Hayo hukupotezea muda tu. Linalonitia hofu ni `killall`: kwenye Linux husimamisha michakato yenye jina ulilolitaja, lakini kwenye Solaris, mfumo mwingine wa aina ya Unix, kazi yake ni kusimamisha michakato yote. Tafadhali, kabla ya kuendesha amri usiyoizoea kwenye mashine ya watu wengine, soma kwanza `man` (mwongozo wa amri) ya mashine hiyohiyo.

mjenzi_skripti:
Nashukuru sana, `-i.bak` imekubali kote. Limebaki jambo moja. Nimeweka sed ya GNU katika saraka inayotangulia `/usr/bin` kwenye PATH (orodha ya saraka ambamo amri hutafutwa), na `type -a sed` inaionyesha ya kwanza, lakini Bash, programu inayopokea amri zangu, bado inaiita ile ya zamani.

mtunza_seva:
Bash hukumbuka mahali ilipoikuta amri mara ya mwisho, na `type -a` haiangalii kumbukumbu hiyo. Andika `type sed` bila `-a`, nawe utaona njia ya zamani. Kisha endesha `hash -r` ili kumbukumbu ifutwe. Hata hivyo, ningekushauri uiite kwa jina la `gsed`, kama Homebrew, programu ya kusakinisha programu nyingine kwenye macOS, inavyofanya, kwa sababu skripti nyingine za mashine hiyo huenda zinategemea tabia ya sed ya BSD.