Naomba ushauri: kuku na viazi kwenye trei moja, viazi vinalowa

Wapishi wenzangu, habari za jioni. Naomba msaada kwenye hili.

Ni kuku wa kisasa wa kilo 1.5, vipande 8, na viazi mviringo kilo 1 vilivyokatwa robo. Viungo ni vitunguu maji 2, kitunguu saumu punje 6, ndimu 1, mafuta vijiko 3 vya chakula, chumvi vijiko 2 vya chai na pilipili manga. Oveni nyuzi 200, dakika 50.

Kuku anaiva vizuri: ukichoma paja karibu na mfupa, maji yanatoka meupe. Shida ni viazi. Juu vina rangi, chini vimekaa kwenye mchuzi, laini kama vya kuchemsha. Najua kuku aliyegandishwa hutoa maji mengi, na trei ikisongamana mvuke hauna pa kutokea. Kwa hiyo kuku anakaushwa kwa taulo safi, ndimu inakamuliwa mwishoni, na viazi vinachemshwa kwanza dakika 7, vinachujwa na kutikiswa sufuriani hadi kingo zichakae. Kidogo imesaidia, ila haitoshi.

Je, nitangulize viazi peke yake dakika 20 kwenye mafuta ya moto, ndipo kuku afuate? Au mchuzi umwagwe katikati ya mapishi? Naogopa utaondoka na ladha yote.

Na wenye oveni ya gesi yenye moto wa chini tu, trei mnaiweka tundu la ngapi?