Kitabu cha kufundisha programu: kionyeshe makosa, au programu safi tu?

Mleta mada: Wakuu, naweka hoja mezani. Kitabu kizuri cha kufundishia lugha ya programu ni kile kinachomwonyesha msomaji programu ikiharibika. Chukua lugha ya C. Vitabu hueleza kwamba `int a[10]` ni safu yenye nafasi kumi, `a[0]` hadi `a[9]`, kisha vinasonga mbele. Mwanafunzi anaandika `for (i = 0; i <= 10; i++)`, anajaza `a[10]` ambayo haipo, na mara nyingi kompaila (programu inayotafsiri msimbo uwe lugha ya mashine) inanyamaza, kwa sababu C haikagui mipaka ya safu. Leo programu inakwenda vizuri, kesho inachafua thamani ya jirani. Asipopelekwa hapo makusudi, atajuaje?

Fundi wa C: Naunga mkono. Katika kitabu cha C cha Kernighan na Ritchie, zoezi la kwanza kabisa linamtaka msomaji aondoe vipande vya programu aone kompaila italalamikaje. Mimi ningeweka na mfano wa majina: `char jina[10];` halafu `scanf("%s", jina);`. Ukiingiza Asha, salama. Ukiingiza Mwanahamisi, herufi 11 pamoja na `\0` ya kufungia ni baiti 12. Mbili zimemwagika nje. Dawa ni `%9s`, yaani isome herufi zisizozidi 9, na kitabu kieleze kwa nini ni 9 na si 10.

Mpinga hoja: Mkuu, kitabu ulichokitaja ndicho kinachonipa nguvu ya kupinga. Hata toleo lake la pili, la 1988, programu ya kwanza inaanza na `main()` bila `int`. Kiwango cha C cha 1999 kiliondoa ruhusa hiyo, na kompaila ya GCC 14 ya 2024 inaikataa usipoiambia `-std=gnu89`, yaani ifuate kanuni za zamani. Lugha ya Python nayo: `7/2` kwenye Python 2 ni 3, kwenye Python 3 ni 3.5. Ujumbe wa makosa huzeeka upesi, na kitabu kinazeeka nao.

Kinachodumu ni kumfundisha kufuatilia thamani kwa kalamu. Mpe hii ya Python:

```
jumla = 0
for i in range(1, 5):
    jumla = jumla + i
```

Achore safu wima mbili, `i` na `jumla`, ajaze mstari kwa kila mzunguko: 1, 3, 6, 10. Anayetegemea 15, akidhani `i` inafika 5, ataona mwenyewe kwamba `range` iliishia 4. Mazoezi ya namna hii matatu kila sura yanazidi kurasa kumi za maelezo.

Mleta mada: Jedwali nalikubali, liingie. Ila unachanganya ujumbe wa kosa na chanzo chake. `input()` ya Python 3 hurudisha maandishi hata mtu akiandika 25, ndiyo maana baada ya `umri = input()`, `umri + 1` inagoma hadi uandike `int(umri)`. Maneno ya ujumbe yakibadilika, chanzo kinabaki. Mwandishi ataje toleo alilojaribia, kila sura, basi.

Mhariri: Mnabishana juu ya yaliyomo huku ukurasa wenyewe unamwangusha mwanafunzi. Programu ya kuandikia vitabu hugeuza alama `"` kuwa “ ”; akinakili kutoka PDF, Python inakataa mstari wa kwanza. Pia msikate kipande cha Python katikati ya kurasa mbili: nafasi za mwanzo wa mstari ndizo zinazoonyesha nini kiko ndani ya kitanzi, na juu ya ukurasa mpya msomaji hana cha kupimia. Kabla ya kuchapa, toeni kila mfano kwenye PDF ileile na kuuendesha.

Fundi wa C: Hilo la mhariri halina mpinzani. Na majina ya vigeu yawe ya Kiswahili, `idadi`, `bei`, ili msomaji atofautishe mara moja maneno ya lugha kama `while` na yale aliyoyabuni mwandishi.

Mpinga hoja: Hapo tuko pamoja. Kwenye makosa nakubali nusu: yawekwe, lakini baada ya jedwali. Asiyejua `i` ina thamani gani hawezi kuelewa kwa nini `a[10]` iko nje.