"Bure kwa matumizi binafsi" ni chambo tu: hizi programu za kuingia kwenye kompyuta ya mtu ukiwa mbali zimenichosha

Wakuu, hivi nani kawapa hawa watu mamlaka ya kuamua kwamba kumsaidia baba yangu mdogo ni biashara?

Mzee ni mwalimu mstaafu, yuko Tabora, anatunza hesabu za kikoba chao kwenye laptopu. Mimi niko Dar. Printa ikigoma namwambia afungue ile programu anisomee namba. Anasoma tarakimu mojamoja, halafu paswedi. Herufi O anaiita sifuri, tunarudia. Naingia, hata sijafika kwenye printa, dirisha hilo: unashukiwa kutumia kibiashara. Wanakata. Nikirudi, paswedi imeshabadilika, tunaanza upya. Mzee mwenyewe keshachoka: "Mwanangu, acha tu, nitaandika kwa mkono."

Fomu ya kujitetea ipo. Unajaza, unaapa hufanyi biashara, kisha unasubiri. Walichokiona hadi wakakushuku hawasemi.

Haya, na biashara ninayo, wateja wachache wa maduka, na kulipa sikatai. Lakini bei wanaitangaza ya mwezi, ukifika kwenye malipo unadaiwa ya mwaka mzima kwa mkupuo, tena kwa fedha za kigeni, na mkataba unajihuisha wenyewe usipowahi kuusitisha. Fundi anayelipwa elfu kumi kumi kwa M-Pesa azitoe wapi? Kampuni za simu, pamoja na roho zao zile, zinatuuzia bando la saa 24!

Na msiniambie nitumie ile ya Windows yenyewe, Remote Desktop. Laptopu za wateja wangu karibu zote ni Windows Home, na Home haikubali kuingiwa kwa njia hiyo, mpaka uwe na toleo la Pro. Halafu kuna mafundi wanafungua poti 3389, mlango wa hiyo Remote Desktop, kwenye rauta, wazi kwa dunia nzima. Hao ndio asubuhi wanakuta mafaili ya ofisi yamefungwa na wanadaiwa pesa.

Chrome Remote Desktop, ile ya Google, ni bure kweli, na baba mdogo nitamhamishia huko. Kwa mteja ni kero: ukiingia kwa ile namba ya muda, kila nusu saa lazima abonyeze kwamba bado anakubali. Kaenda kula, kazi imelala. Na bure ya mtu haina dhamana. LogMeIn, wenye programu kama hizi, nao walikuwa na ya bure. Januari 2014 wakaifuta, watumiaji wakapewa siku 7 waamue kulipa au kuondoka.

Imebaki RustDesk, programu nyingine ya kazi hiihii, ambayo seva ya kuunganisha kompyuta unaweza kuweka yako mwenyewe. Mwenye kuiendesha kwenye seva ya bei ndogo aje aseme ukweli: mteja akiwa anatumia bando la simu inavumilia, au skrini inaganda? Wale wa "lipia tu mkuu" mpite kimya kimya.