Wauza vifaa vya ujenzi Kampala: plagi ya tofali haishiki ukuta wa jipsam, na mnajua!

Wadau, leo msinipoze. Anayetaka kuniandikia "pole dada, ni mambo ya dunia" apite tu, uzi huu si wake. Kioo kikubwa cha saluni yangu kimeanguka usiku, rafu ya dawa za nywele imebaki ikining'inia upande mmoja, na asubuhi mwenye jengo kaja, katazama matundu, kaniambia nitalipa ukuta. Hakuuliza kama kuna mtu aliyeumia. Kilichomuuma ni ukuta.

Saluni iko Kansanga, ghorofani, kwenye moja ya majengo haya ya siku hizi ambamo ukumbi mmoja hukatwakatwa kwa jipsam, zile bodi za jasi na karatasi, vikatoka vyumba vya kupangisha: mimi nywele, jirani simu, yule wa pembeni cherehani. Sina neno na jipsam yenyewe. Ni nyepesi, inasimama upesi, na hakuna vurugu la mchanga na simenti kwenye ngazi. Kinachonichoma ni kwamba kuanzia dukani, hadi kwa fundi, hadi kwa mwenye jengo, hakuna aliyeuliza: unatundika nini, kina kilo ngapi, na nyuma ya ubao kuna nini? Hata mganga wa kienyeji huuliza zaidi ya hayo kabla hajakupa mzizi.

Nilikwenda mjini mwenyewe, maduka ya upande wa Nakasero, kwa sababu fundi akinunua yeye bei hupanda njiani. Nikamweleza kijana wa kaunta kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kiganda changu cha kuungaunga: kioo, cha saluni, ukuta wa jipsam. Akatia mkono kwenye boksi la rawoplagi, zile plagi za plastiki zinazotiwa tunduni kabla ya skrubu, akachota. Akatia mkono kwenye boksi la skrubu nyeusi, akachota. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, funga. "Nnyabo (mama), hizi zinashika popote." Nikamuuliza kama hakuna za aina nyingine, maana nyumbani kwetu kwenye matofali tunatumia hizo hizo. "Zote ni moja, nnyabo. Zinatofautiana rangi tu."

Popote! Na hiyo rangi nayo si urembo. Kwenye plagi za mtindo wa Uingereza nyekundu huingia tundu la mm 6 hivi, ya kahawia mm 7. Mtu anauza kitu kutwa nzima na hajui rangi yake inasema nini.

Rawoplagi ni kitu cha ukuta mgumu. Mwingereza John Joseph Rawlings aliyeibuni, mwanzoni mwa karne ya 20, alitaka mafundi waache kuchimba mashimo makubwa kwenye kuta na kuyajaza vipande vya mbao. Za kwanza zilikuwa za nyuzi za juti, plastiki imekuja baadaye. Ukikaza skrubu, plagi hutanuka, tofali linaikaba kila upande, haitoki. Sasa ipeleke kwenye jipsam. Ubao una unene wa mm 12 hivi, ndani unga wa jasi ulioganda, nje karatasi pande mbili, nyuma yake hewa tupu. Plagi ya sentimita 3 inakabwa na hizo milimita 12 tu, iliyobaki inaelea gizani. Ikitanuka haikabwi, inausaga ule unga. Ndiyo maana unakaza na plagi inazunguka pamoja na skrubu. Fundi anayeijua kazi yake akiona hivyo husimama. Wangu alijazia njiti za kiberiti.

Njiti za kiberiti, jamani! Kisha tone la gundi juu yake, na maneno: "Mama, wewe niachie mimi, hii haitoki mpaka Yesu arudi." Imetoka, na Yesu hajarudi.

Hapo bado sijasema habari ya drili. Aliiwasha ikiwa kwenye hali ya kugonga, ile ya zege, jengo zima likasikia. Kwa mbele tundu lilionekana safi. Kioo kilipoanguka ndipo nikaona upande wa nyuma: pamemomonyoka kipande cha upana wa kiganja kuzunguka kila tundu. Jipsam hutobolewa kwa drili inayozunguka tu, taratibu, bila kugonga.

Tupige hesabu ambayo haikupigwa dukani. Kioo huwa na kilo 2.5 kwa kila mita ya mraba, kwa kila milimita ya unene. Changu ni cha mm 6, upana mita 1.2, kimo mita 1. Hizo ni kilo 18, fremu ya mbao bado. Lakini kioo kina nafuu kwa sababu kimelalia ukuta na uzito wake unavuta chini. Rafu ndiyo mbaya, inavuta chini na inavuta nje. Chukua rafu yenye kina cha sentimita 30, mzigo wa kilo 10 umekaa katikati, na kishikio chake kimeshuka ukutani sentimita 10 tu. Skrubu za juu zinang'olewa kwa nguvu ya kilo 15, zaidi ya mzigo wenyewe! Badilisha kishikio, weka kinachoshuka sentimita 30, nguvu hiyo inapungua hadi kilo 5. Mimi si mhandisi, mimi nasuka nywele, na hesabu hii imetosha nyuma ya risiti. Na nyinyi mnaofunga televisheni kwenye ile mikono inayovutwa mbele, someni sehemu hii tena kabla hamjalala.

Halafu skrubu nyeusi. Wengi wanadhani kwa kuwa zinaitwa za jipsam basi ndizo za kutundikia vitu kwenye jipsam. Hapana. Kazi yake ni kushikiza ubao kwenye fremu ya ukuta, basi. Kichwa chake kimetengenezwa kizame kwenye karatasi bila kuichana. Zenye meno ya karibu karibu ni za fremu ya chuma chembamba, zenye meno ya mbalimbali ni za mbao. Kwa ubao mmoja juu ya chuma mm 25 zinatosha, juu ya mbao chukua mm 35. Zinapigwa kila sentimita 30 ukutani, darini karibu zaidi, na ukiisogelea kingo ya ubao chini ya sentimita moja inabomoka. Hapo ndipo mahali pake na hapo ni nzuri sana. Lakini chuma chake kimetiwa ugumu kupita kiasi: haipindi kwanza ikakuonya, inakatika tu. Na ule weusi hauzuii kutu kwa muda mrefu penye unyevu. Saluni ni mvuke kutwa. Nilizozing'oa zina kutu shingoni tayari.

Dawa ipo, tena si ya ajabu. Kwanza ni nguzo. Ndani ya ukuta wa jipsam mna nguzo za mbao au za chuma, kwa kawaida kila sentimita 40 au 60. Huhitaji mashine ya kuzitafuta. Mwombe fundi redio sumaku ya spika mbovu, ipitishe ukutani polepole, itadaka vichwa vya skrubu chini ya rangi. Ukivipata kadhaa vimepangana wima, nguzo iko hapo. Ikiwa ni ya mbao, skrubu ya mbao iingie moja kwa moja bila plagi, mchezo umekwisha. Ikiwa ni ya chuma usivimbe kichwa mapema, maana mara nyingi bati lake ni la nusu milimita hivi. Linabeba picha, halibebi kioo cha kilo 18 kwa skrubu mbili.

Pasipo na nguzo unataka kitu kinachokumbatia ubao kwa nyuma, uzito usambae. Kuna boliti ya kipepeo, dukani wanasema bataflai: mabawa mawili ya springi yanapita kwenye tundu yakiwa yamekunjwa, yanafunguka upande wa pili, ukikaza yanaubana ubao mgongoni. Tundu lake ni kubwa, na nyuma lazima kuwe na nafasi ya kutosha mabawa kufunguka. Boliti unaipitisha kwenye kishikio chako kwanza, ndipo uingize ukutani, kwa sababu ukiifungua yote mabawa yanadondoka ndani na huyaoni tena. Fundi wa pili niliyemwita kurekebisha hakulijua hilo. Tulisikia ting! ndani ya ukuta, tukatazamana.

Nilizozipenda mimi ni anka za chuma zenye ala, yaani mrija unaofunika skrubu, inayojikunja nyuma ya ubao kama mwavuli uliogeuzwa na upepo. Zipo za M4, M5, M6 (namba ni unene wa skrubu kwa milimita), na kila moja imetengenezwa kwa unene fulani wa ubao, kwa hiyo kipimo cha ubao ukijue kabla ya kwenda dukani. Raha yake ni kwamba ukitoa skrubu, ala inabaki pale pale. Unateremsha kioo, unapaka rangi, unakirudisha. Hizi ndizo nilizokuwa nazitaka tangu siku ile na hakuna aliyenionyesha.

Zile nene za kujichimbia zenyewe, za plastiki au zinki, zenye meno mapana, zifae saa ya ukutani na kalenda. Ukizikaza kupita kiasi zinatafuna tundu lao wenyewe. Na kilo zilizoandikwa kwenye pakiti zisomeni kwa jicho baya, maana nyingine ni mzigo wa kuvunja, si mzigo wa kuishi nao. Gawa kwa 4 ulale usingizi.

Jirani yangu wa simu alitaka kutundika hita ya maji ya lita 15 kwenye ukuta huo huo, kwa plagi hizo hizo. Maji peke yake ni kilo 15, chuma cha hita bado, na umeme umo ndani. Nimemzuia kwa nguvu. Mzigo wa namna hiyo unafunguliwa ubao, inawekwa plaiwudi ya mm 18 kati ya nguzo na kufungwa kwenye nguzo zenyewe, ndipo ubao unarudishwa. Anayekuambia kuna njia ya mkato anakutafutia msiba.

Sasa wewe mwenye jengo, najua watu wako wanasoma humu. Nilipopima ukingo wa tundu nimekuta mm 9. Hiyo ni bodi ya dari, bwana! Umenisimamishia dari ukaiita ukuta. Sumaku nayo imenionyesha nguzo zimeachana karibu sentimita 90, yaani mtu akiegemea anasikia ubao unapumua. Huo ndio ukuta ninaodaiwa. Sawa, lete wa mm 12 na nguzo zake zikaribiane, tutaongea habari ya malipo. Na ile sharti ya mkataba kwamba mpangaji asipige kitu chochote ukutani: umenipangisha ukijua ni saluni. Saluni bila kioo ni nini, chumba cha maombi?

NYONGEZA: Nimeona mnavyojibu. Anayesema nipake gundi ya silikoni nyuma ya kioo, gundi itashika rangi, rangi imeshika karatasi, na karatasi ndiyo itakayochanika. Anayesema nihamie jengo la matofali, aniongezee tofauti ya kodi. Na huyo mwenye duka aliyeandika kwamba wateja wa Kampala hawataki vitu vya ghali, mimi sikukataa bei, mimi sikuonyeshwa. Weka plagi na anka pamoja kaunta, sema hii ya tofali na hii ya jipsam, nikatae mwenyewe. Kwa matundu manne tofauti yake haifiki bei ya kioo hata nusu ya nusu.

Anayeuliza kwa nini sikumpeleka fundi kwa LC, serikali ya mtaa: nilimpigia, simu imezimwa. Nitampata, mke wake husukwa kwangu.

Sasa nijibuni swali, vichekesho baadaye. Wapi Kampala zinapatikana anka za chuma za M5 zinazofaa ubao wa mm 9, na zinauzwa moja moja, si boksi zima? Tajeni mtaa na bei. Nakasero nimeambiwa ziliisha, Ndeeba nimeonyeshwa misumari ya mbao. Kioo kipya kinaletwa Ijumaa na wateja wa harusi wanaanza Jumamosi saa moja asubuhi.