Programu ya redio inaweka tiki ya kijani kwenye rekodi ambayo haina sauti hata ya sekunde moja

Wadau wa mitambo ya redio,

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kituo chetu, redio ndogo ya jamii huku pwani, kinalipia leseni kila mwaka kwa programu ya kurushia matangazo ambayo kampuni yake sitaitaja, kwa sababu ninachotafuta ni ufumbuzi na si kesi. Kwa upande wa kupiga muziki na kurusha matangazo ya biashara kwa wakati wake, sina neno. Shida ni sehemu ya kurekodi kwa ratiba, yaani pale unapoiagiza kompyuta irekodi sauti kutoka chanzo fulani, saa fulani, bila mtu kukaa studio. Sehemu hiyo inasema uongo.

Bunge linapokuwa na vikao Dodoma, sisi hurekodi maswali na majibu kuanzia saa 3 asubuhi ili tuyarudie jioni, wakati wasikilizaji wetu wamesharudi kutoka shambani na baharini. Wiki iliyopita nilipitia orodha ya rekodi mchana, nikakuta tiki ya kijani, muda umeandikwa sawasawa na faili lina ukubwa unaotakiwa. Jioni mtangazaji akasoma utangulizi, akabonyeza, na hewani kukawa kimya. Faili zima lilikuwa tupu, kwa kuwa usiku Windows ilijisasisha, ikajizima na kujiwasha, kisha ikahamisha chanzo cha sauti kutoka tundu linalotoka kwenye mikisa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, hadi tundu la kipaza sauti, ambalo halijachomekwa chochote. Kwa asiyefahamu, faili la WAV la kiwango cha CD, lenye sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 na chaneli mbili, hula zaidi kidogo ya megabaiti 10 kwa dakika, liwe na sauti au lisiwe nayo, kwa hiyo nusu saa ya ukimya ina uzito uleule wa nusu saa ya hotuba na kuangalia ukubwa wa faili hakumsaidii mtu. Kipimo cha sauti kilikuwa palepale kwenye skrini, kimelala chini kabisa muda wote, na bado programu ikajipa tiki. Ni sawa na mlinzi anayesaini daftari la zamu asubuhi bila kugeuka kutazama kama duka limevunjwa.

Kama lingekuwa hilo peke yake ningenyamaza. Umeme ukikatika saa 2:55 na kurudi saa 3:10, programu ikishawaka huona saa ya kuanza imepita, nayo huiruka kazi nzima badala ya kurekodi dakika zilizobaki. Haiandiki kosa lolote. Mstari wa kazi unahamia tarehe ya kesho kana kwamba leo haikuwapo. (Najua kuna watakaoniambia ninunue UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Ninayo, ila betri zake hazivumilii joto la chumba cha mitambo.) Ratiba yenyewe nayo inahifadhiwa kwa saa za seva ya kampuni, iliyoko Ulaya. Sisi tuko saa 3 mbele ya UTC, yaani saa ya marejeo ya dunia, mwaka mzima, lakini Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hivyo mwaka huu Machi ilipokwisha kazi ya saa 3 asubuhi ikawa inaanza saa 2, inarekodi taarabu ya kipindi chetu wenyewe, na kujipongeza kwa tiki.

Lililonichosha zaidi ni saa 6 usiku. Mwezi wa Ramadhani tulikuwa tunarekodi mawaidha kuanzia saa 5:30 usiku hadi saa 6:30, ambayo kwenye programu huandikwa 23:30 hadi 00:30. Programu inaipokea kazi hiyo bila kulalamika, lakini kwa kuwa namba ya kumalizia ni ndogo kuliko ya kuanzia, inaona muda umekwisha kabla haujaanza, na inahifadhi faili la sekunde sifuri. Ikabidi tuigawe kazi moja kuwa mbili, ya kwanza iishie 23:59:59 na ya pili ianze 00:00:00, kisha kila alfajiri mtu azishone kwa mkono, na hata hivyo pale kwenye mshono neno moja au mawili ya shekhe yanapotea.

Nilipowaandikia huduma kwa wateja, jibu la kwanza lilikuwa nikague mipangilio yangu. Jibu la pili lilikuwa kwamba tahadhari ya ukimya inapatikana katika toleo la bei ya juu. Yaani nilipie rekodi, halafu nilipie tena ili niambiwe kwamba rekodi haipo! Wakumbuke kwamba sehemu hiyohiyo ndiyo tunayoitegemea kutunza nakala ya kila tunachorusha, nakala ambayo TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, inaweza kuidai pakitokea malalamiko dhidi ya kipindi, na siku hiyo tiki ya kijani haitamtetea mhariri wetu.

Wala sidai miujiza. Rivendell, programu huria ya redio isiyouzwa, inayotumia mfumo wa kompyuta wa Linux badala ya Windows, ina sehemu iitwayo RDCatch ambayo rekodi ikiisha hubainisha kama imefanikiwa, ni fupi mno au sauti yake ni ya chini mno. Kama programu ya bure inaweza kupima ilichorekodi kabla ya kusema imemaliza, kampuni inayotoza ada kila mwaka haina kisingizio.

Leseni yetu inaisha mwezi ujao, na nimemshauri meneja asilipe hadi kasoro hizi zirekebishwe katika toleo tunalotumia sasa. Kwa waliokwisha kuhamia Rivendell, naomba mniambie ni kadi gani za sauti zinazokubali Linux bila usumbufu, na kama kazi inayovuka saa 6 usiku inarekodiwa yote bila kukatwa.