Tulionyweshwa chanjo ya kipindupindu 2009, tulipata nini?

Mtoto wa Chumbuni
Assalamu alaykum. Masika yanakaribia na maneno yameshaanza mabarazani: chanjo iletwe tena. Mimi chanjo siipingi, nauliza kama mtu aliyekunywa. Januari na Februari 2009 walitujia shehia sita. Unguja ilikuwa Chumbuni, Karakana na Mtopepo; Pemba ilikuwa Kengeja, Mwambe na Shamiani. Jumla yetu kama elfu 48. Bure kabisa. Unapewa kikombe kinafoka kama soda, unaambiwa usile saa nzima kabla na saa nzima baada, kisha urudi duru ya pili. Waliomaliza duru zote mbili ni nusu, tena kasoro kidogo. Jamani, mtoto akipata nusu skuli tunamwambia kafaulu? Na kama ile kampeni ilifaulu, mbona 2015 mpaka 2016 tulirudi kulekule na watu zaidi ya 4,000 wakaugua?

Nesi Mstaafu
Wa alaykum salaam mwanangu. Hiyo nusu ni kweli, lakini umeisoma barua umeishia kwenye salamu. Wagonjwa walifuatiliwa zaidi ya mwaka baada ya chanjo, na waliokunywa mara mbili walikingika kwa asilimia 79. Halafu angalia na wale ambao hawakunywa. Waliokaa mitaa ambayo majirani wengi walikunywa, nao waliugua kidogo kuliko waliokaa mitaa ya wagomaji. Wakipungua wanaoharisha, vinapungua na vijidudu vinavyoshuka kisimani. Ndiyo maana nusu ile haikuwa haba. Na 2015 usiitie humu. Dawa ile kinga yake ni kama miaka miwili, baada ya hapo inatakiwa kurudiwa. Nani alirudia?

Nahodha Mkavu
Mimi sikunywa, nilikuwa dago, kambini na wavuvi. Kwa hesabu ya bibi nesi basi majirani walininywea. Ahsanteni sana, Mungu awalipe.

Nesi Mstaafu
Cheka tu. Wakati ule wanaume wengi tuliwakosa hivyohivyo. Unafika nyumbani, mke yupo, watoto wapo, baba yuko dago au kazini. Dawa haimsubiri mtu, ina baridi yake na siku zake.

Wa Muscat
Mnajadili vikombe, mimi naona pesa zimemwagwa. Waliopiga hesabu baadaye waliandika wenyewe kwamba kwa bei ya dawa ya wakati ule, kampeni ile haikulipa. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alivuta maji ya chemchem kwa mabomba mpaka mjini, karne ya 19 hiyo, na watu walikuwa bado wana kilio cha kipindupindu cha 1869. Sisi karne ya 21 tunaomba kikombe cha dawa ya miaka miwili. Mfereji unadumu miaka mia. Na hata mkinywa, watu mnaokula urojo wa barabarani, bakuli imeoshwa kwenye ndoo ya tangu asubuhi, chanjo itawafaa nini?

Sufuria la Mama
Ami, umeanza vizuri na Barghash, ukaenda ukaishia kwa mama yangu. Mimi nimesomeshwa kwa urojo tangu darasa la kwanza mpaka chuo. Urojo unachemka kuanzia alasiri mpaka isha. Kijidudu gani kinaishi mle, kina ngozi ya mamba? 2016 vyakula na juisi za barabarani vilipopigwa marufuku, sufuria lilikaa limefudikizwa uani, na mimi nilikuwa na mtihani. Hakuna aliyekuja kukagua kisima chetu, kipo hatua chache na karo la choo la jirani. Mama lishe unamkamata kwa mkono mmoja. Bomba lililotoboka likapita ndani ya mtaro mchafu, hilo utalikamata vipi?

Wa Muscat
Mama yako sikumtaja na namheshimu. Nimesema bakuli.

Sufuria la Mama
Bakuli ni mama yangu.

Khanga Mbili
Huyu wa Muscat mara yake ya mwisho kula urojo ilikuwa lini? Kule mnakula wa pakiti, unga umetiwa ukwaju wa chupa, halafu mnakuja kutufundisha usafi.

Wa Muscat
Mwezi wa nane nilikuwa nyumbani, nikala. Nikaharisha siku tatu. Ndiyo maana nasema.

Khanga Mbili
Kumbe! Basi mjadala wote huu ni tumbo lako.

Nesi Mstaafu
Naomba tusiwafanye wauzaji wachawi, wala tusiwafanye malaika. Mchuzi wa urojo unaochemka hauna kesi. Tazama kinachotiwa juu yake: chatne iliyosagwa na maji mabichi, embe iliyochambuliwa na mkono usioosheka, halafu pembeni juisi ya muwa yenye barafu. Watu wanadhani baridi inaua kijidudu. Haiui, inakilaza tu. Barafu la maji machafu ni maji machafu yaliyoganda. Na maji yenyewe yanatoka wapi? Mama huyo hakuchimba kisima, kakikuta. Hapo mimi na kijana wa sufuria hatugombani.

Kijana wa Maabara
Nimesoma yote, naona watu wanazungumza kama dawa ipo dukani inasubiri tuamue. Ghala la dunia la chanjo ya kipindupindu limeanza 2013. Tangu Oktoba 2022, kunapozuka maradhi kila mtu anapewa dozi moja badala ya mbili, kwa sababu haitoshi. Kiwanda kimoja kiliacha, kwa muda dunia nzima ikategemea kimoja tu cha Korea Kusini. Malawi ilizika zaidi ya watu 1,700. Lusaka, mwanzoni mwa 2024, uwanja wa mpira wa Heroes uligeuzwa wodi, ndipo wakachanja, dozi moja. Na hii ya sasa haifoki, haihitaji kuchanganywa na maji, unaminya kichupa mdomoni basi. Kwa hiyo swali la Mtoto wa Chumbuni kuhusu duru ya pili linaweza kuwa limepitwa. Swali langu: dozi moja, ambayo kwa watoto wadogo ndiyo dhaifu zaidi, tuipeleke wapi kwanza, na kabla ya masika au mpaka watu waanze kuharisha?

Khanga Mbili
Kijana wa maabara, urojo unakula au huli?

Kijana wa Maabara
Nakula. Bila chatne.

Sufuria la Mama
Urojo bila chatne ni uji wa ngano. Rudi maabara.

Mkonde wa Mwambe
Mimi niko Pemba, hayo ya urojo nawaachia wenyewe. Nataka kumjibu aliyeshangaa nusu. Kabla ya chanjo walikuja watu na madaftari, hapa Mwambe na huko kwenu Chumbuni, wanauliza: dawa ikiletwa bure utakunywa? Zaidi ya tisa katika kumi tulisema tutakunywa. Wakafurahi, wakaandika. Sasa mgeni kaja mpaka barazani kwako, kavua viatu, kakuuliza kwa adabu, utamwambia sinywi? Nilisema ndiyo. Siku yenyewe ilipofika duru ya pili nilikuwa konde, nguruwe wameingia muhogo. Sikukataa dawa, nilikuwa na nguruwe. Lakini kwenye karatasi zao mimi ni mtu aliyesema ndiyo akafanya la.

Nahodha Mkavu
Mimi dago, huyu nguruwe. Tuandikwe pamoja.

Bint Karakana
Kwetu yalipita na mengine. Wifi yangu aliambiwa hiyo ni dawa ya kufunga uzazi, na kwa kuwa wajawazito hawakutakiwa kunywa, ndiyo ikawa ushahidi: "unaona, wanaijua wenyewe." Hakuna aliyekaa na wanawake kuwaeleza. Gari lilipita na kipaza sauti, likasema siku na mahali, likaenda zake. Mimi nilikunywa zote mbili. Nina watoto watano baada ya pale, mdogo keshaanza chuo cha Qur'ani. Wifi hakunywa, ana wawili. Sasa mtafute aliyefungwa uzazi.

Nesi Mstaafu
Hilo la wajawazito nalikubali, tulilibeba vibaya. Wakati ule hawakuwa wamejaribiwa vya kutosha, kwa hiyo waliachwa kwa tahadhari. Tungelisema hivyo mapema, kwa maneno hayohayo, lisingegeuka.

Wa Muscat
Basi mmekubali wenyewe: nguruwe, dago, kipaza sauti. Pesa ingewekwa kwenye bomba, bomba halimuulizi mtu yuko wapi.

Mtoto wa Chumbuni
Bomba lipo kwetu, ami. Linatoa maji siku mbili kwa wiki, na yakikatika bomba linavuta yaliyo nje. Na bomba la mji mzima linajengwa kwa mwezi mmoja? Huku watu wanafanya nini masika haya? Kuna mpango wa miaka kumi wa kutokomeza kipindupindu Zanzibar, 2018 mpaka 2027, maji na vyoo na chanjo vyote vimo. Hilo ndilo nilitaka tuzungumze tangu mwanzo, mkanipeleka kwenye chatne.

Khanga Mbili
Wewe ndiye uliyeleta soda.

Mtoto wa Chumbuni
Nilisema kinafoka *kama* soda! Haya, tuache yote. Kila mtu ajibu moja: wakija masika haya na kichupa kimoja, utakunywa?

Bint Karakana
Nitakunywa. Na wifi nitamburura.

Wa Muscat
Niko mbali, lakini ningekuwepo ningekunywa. Bado nasema bomba.

Nahodha Mkavu
Wanikute pwani alfajiri, kabla sijatweka tanga. Sheha anaijua ngalawa yangu.

Mkonde wa Mwambe
Msiniulize tena. Nikisema ndiyo mtaniandika.

Sufuria la Mama
Ntakunywa. Meza yenu muiweke karibu na meza ya mama, Ijumaa jioni. Watu wote watakuwa pale, hata waliosema hawali.