Ati "mwambie mama avue viatu"?! Huyu fundi leo amenifikisha mwisho

Mwenye 504:
Jamani, nimeegesha gari hapa Chavakali na mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Sitamtaja. Yule fundi wa magari ya zamani hapa Kisumu, mwenye ovaroli safi kuliko kanzu ya padri, anayekuita "mkubwa" mpaka utume pesa. Nusu yenu humu amewanyoa bila maji.

Nilimpelekea Peugeot 504 ya marehemu baba. Shida ilikuwa moja tu: joto la injini linaingia ndani. Nikipita Kondele saa saba mchana, miguu inaiva kama mahindi ya kuchoma. Akaniambia ana kitu cha kuzuia joto kutoka Ujerumani, kile wanachoweka kwenye ndege. Elfu kumi na nane. Nikatuma. Akakaa na gari siku kumi na moja.

Leo nampeleka mama harusini Kakamega. Tulipopanda kutoka Mamboleo mpaka Kiboswa, gari likajaa harufu ya barabara mpya. Nikatazama huku na huku kama kuna watu wanamwaga lami. Hakuna. Kufika hapa mama akasema, "Mwanangu, mguu umekataa kuinuka."

Nikainua kapeti. Jamani! Ni ile karatasi ya lami yenye mgongo wa fedha, ile tunayobandika kwenye mabati nyumba ikivuja! Imeyeyuka kama sukari guru kwenye jua, ikapenya kapeti, ikakamata kiatu cha mama.

Nikampigia simu. Sikutukana. Nikamweleza polepole kama mtu anayesoma tangazo la matanga. Akanijibu: "Mkubwa, si umwambie mama avue viatu?"

Avue viatu! Mama yangu! Miaka sabini na mbili, amevaa gomesi aliyoipiga pasi mara tatu, avue viatu ndani ya gari la mumewe! Na nyuma yake nikasikia gereji nzima inacheka, mpaka kale katoto ka kushika spana.

Nikamulika chini ya dashibodi. Kwenye bati linalotutenga na injini kuna mashimo manne wazi, raba za nyaya hazipo, upepo wa injini unavuma magotini. Hajaziba hata moja! Raba ya shilingi hamsini imemshinda, ameniezekea sakafu. 504 ilishinda Safari Rally 1975, na ndugu yake wa milango miwili akashinda 1978. Tope, mawe, mito, vyote ilivipita. Leo imeangushwa na karatasi ya paa.

Avue viatu. Nitamwonyesha.

Kijana wa Kondele:
Swali moja tu. Mama alivua au hakuvua?

Mwenye 504:
Alivua kimoja. Kingine kiko sakafuni mpaka sasa hivi. Lakini hiyo si hoja! Hoja ni kwamba ALISEMA.

Omera wa Nyalenda:
Angalau mvua ikinyesha chini juu, hamvujiwi 😂😂

Fundi Mstaafu, Nakuru:
Kijana, pole, na umpe mama pole zangu. Mtu hamjibu mama wa mwenziwe hivyo.

Lami hiyo hupunguza mtetemo na kelele za bati. Joto haizuii. Anza na mashimo: kila mahali waya, kebo au paipu inapopita, weka raba mpya. Usichelewe, maana panapopita hewa ya moto moshi wa injini nao hupita, na moshi huo huua mtu amelala. Kisha shika paipu mbili za hita ukiwa umeifunga. Zote zikiwa moto, koki ya hita haifungi, unatembea na jiko chini ya dashibodi.

Bomba la moshi, yaani eksozi, likipita karibu na sakafu, likingie kwa bati la alumini lililofungwa kwa nje, chini ya gari. Liache nafasi ya kidole kimoja au viwili kati yake na sakafu ili hewa ipite. Ukiligandisha kwenye sakafu, joto linapita kama kawaida. Ndani, chini ya kapeti, weka sponji ngumu isiyonyonya maji na isiyoshika moto. Na usisahau kupimisha taiming, yaani wakati cheche inapowasha mafuta. Cheche ikichelewa, moto unamalizikia kwenye eksozi, na eksozi inakuwa nyekundu hata ukiwa na rejeta mpya.

Kijana wa Kondele:
Mzee ameleta darasa kwenye vita.

Mwenye 504:
Mzee, asante, nimenakili yote. Lakini umesikia alivyosema? Avue viatu!

Kobe wa Section 58:
Nyinyi wenye injini mbele mnalia nini? Mimi nina Volkswagen kobe. Injini iko nyuma, na hewa ya hita inazungushwa kwenye eksozi ndiyo ije ndani kupitia kingo za pembeni. Kebo ya kufungia imekwama tangu mwaka jana. Hapa Nakuru naendesha na hita ikipuliza vifundoni, jua la Januari, sina pa kuizima. Fundi wangu aliniambia nini? "Hamia Molo, kule kuna baridi." Mimi na mke na watoto watatu tuhame kwa ajili ya kebo!

Abiria wa Kila Siku:
Nyote hamjui joto. Kaeni kiti cha kati cha mbele kwenye matatu ya HiAce, Kisumu hadi Busia, injini iko chini ya makalio. Nilibeba siagi ya shangazi mapajani, nikafika nimebeba mafuta ya kukaangia.

Kobe wa Section 58:
Wewe ukishuka joto linabaki na mwenye gari. Mimi naenda nalo nyumbani.

Mwenye 504:
Turudi kwenye hoja tafadhali. Mama amekaa kando ya barabara na kiatu kimoja.

Jirani wa Ahero:
Ngoja. Hiyo 504 yako ni nyeupe, taa ya kushoto ina ufa? Ilikuwa kwa fundi Jumamosi iliyopita?

Mwenye 504:
Ndiyo. Kwa nini?

Jirani wa Ahero:
Niliiona sokoni Ahero imebeba kuku.

Mwenye 504:
KUKU?

Omera wa Nyalenda:
Yangu ilirudi na unga wa mahindi kwenye buti na tangi tupu. Nilipouliza, akasema alikuwa anajaribu breki. Breki gani inajaribiwa mpaka Siaya?

Abiria wa Kila Siku:
Yangu ilipeleka bibi harusi. Niliona picha, maua kwenye boneti, mimi nikiwa kwenye foleni ya matatu.

Kobe wa Section 58:
Fungueni uzi wa mafundi wanaotembelea magari yetu, tujae huko.

Kijana wa Kondele:
Kwani kuku wa Ahero sasa ni pesa ngapi?

Jirani wa Ahero:
Jogoo elfu moja mia mbili. Ukishuka kwenye gari zuri, elfu moja mia tano.